Msimnyamazishe Mtoto wa Mbwa Anayenguruma

Familia imepata mtoto wa mbwa wa miezi miwili. Watoto wanamgombea, wanambeba, wanampapasa kutwa nzima. Siku chache baadaye, mkono unapopita mgongoni mwake, anakaza mwili na kunguruma. Hapo ushauri humiminika: jirani anasema apigwe, mjomba anataka arudishwe alikotoka, na mlinzi wa getini anaipongeza familia kwa kupata mbwa wa kweli.

Sehemu kubwa ya ushauri huo imejengwa juu ya madai yasiyosimama. Nitayapitia moja baada ya jingine, kwa sababu hasara yake huwaangukia wawili wasioulizwa maoni: mtoto wa binadamu anayeng'atwa, na mtoto wa mbwa anayetupwa au kuuawa. Msimamo wangu ni kwamba mngurumo ni taarifa. Wajibu wa mwenye mbwa ni kutafuta taarifa hiyo inahusu nini kabla hajainua mkono wala fimbo.

Dai la 1: "Akinguruma maana yake ni mkali wa kuzaliwa"

Mbwa hunguruma akiwa na hofu, akiwa na maumivu, akiwa amechoka, akilinda chakula, na pia akicheza kwa furaha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd mjini Budapest walirekodi mingurumo katika hali tatu: mbwa akivutana kitambaa na mtu kwa mchezo, mbwa akilinda mfupa dhidi ya mbwa mwenzake, na mbwa akisogelewa na mgeni anayemtisha. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2010, mngurumo wa mchezo ulitofautiana waziwazi na ile mingine miwili. Kisha wakaficha spika karibu na mfupa na kuwachezea mbwa wengine rekodi hizo. Waliosikia mngurumo wa kulinda mfupa ndio waliorudi nyuma zaidi. Mbwa wenyewe, basi, hawauchukulii mngurumo kuwa sauti ya aina moja.

Sisi tusio na masikio hayo tunaweza kuusoma mwili. Mtoto wa mbwa anayenguruma kwa mchezo ana mwili mlegevu. Huinamisha kifua na kuinua makalio, huruka pembeni kisha hurudi mwenyewe. Wapo pia wanaotoa sauti nzito ya kuridhika wanaposuguliwa kifuani, na ukiuondoa mkono wanausogelea wakitaka zaidi. Mwenye hofu au maumivu huwa amekakamaa. Masikio yamelala nyuma, mdomo umefungwa, weupe wa jicho unaonekana, na kichwa kimegeukia pembeni ilhali macho bado yanaufuata mkono wako. Huyo wa mwisho anaomba aachwe. Ukali wa kuzaliwa hauwezi kuthibitishwa kwa mngurumo mmoja wa kiumbe ambaye meno yake ya utotoni ndiyo kwanza yamekamilika.

Dai la 2: "Anataka kuwatawala, mwonyesheni nani mkubwa"

Dai hili lina historia. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel alichapisha utafiti wake kuhusu mbwa mwitu waliofungiwa katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Wanyama hao walikuwa wamekusanywa pamoja katika eneo dogo, wakigombana, naye akaeleza maisha yao kama vita ya vyeo. Mwaka 1970 mtaalamu wa Marekani, L. David Mech, aliyabeba mawazo hayo katika kitabu chake kuhusu mbwa mwitu, na kutoka hapo yakaenea hadi kwa wafunza mbwa dunia nzima.

Baadaye Mech mwenyewe alikwenda kuwatazama mbwa mwitu walio huru katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, majira ya kiangazi kuanzia mwaka 1986. Alichokiona huko kilikuwa familia ya baba, mama na watoto wao wa mizao mbalimbali. Wazazi huongoza kwa sababu ni wazazi. Mwaka 1999 alichapisha makala ya kuisahihisha picha ile ya zamani, na akamwomba mchapishaji aache kukichapa upya kitabu chake cha 1970.

Kwa hiyo anayemlaza mtoto wa mbwa chali na kumkandamiza shingoni "ili ajue nani mkubwa" anafuata nadharia ambayo mtangazaji wake mkuu ameiacha. Mtoto wa mbwa wa wiki nane hana mpango wa kuitawala nyumba. Ametolewa kwa mama na ndugu zake, yuko mahali asipopajua, na viumbe wakubwa kumzidi mara nyingi wanamshika kila dakika. Anachokitafuta ni usalama.

Dai la 3: "Mchapeni mara moja tu, hatarudia"

Wanaosema hivi huegemea methali ya samaki mkunje angali mbichi. Methali ni ya kweli, lakini tuangalie kinachofundishwa hapa. Mtoto wa mbwa aliyepigwa kwa kunguruma hujifunza mambo mawili: kwamba mkono wa binadamu ni wa kuogopwa kama alivyodhani, na kwamba kuonya hakufai kitu. Hofu inabaki, na ishara yake ndiyo inayokufa. Miezi kadhaa baadaye mbwa huyo humng'ata mtu, na wenye nyumba huapa kwamba amefanya hivyo ghafla bila dalili. Dalili ya mvua ni mawingu. Katika nyumba hiyo mawingu yalikuwepo, wakayafuta wao wenyewe.

Ushahidi upo. Mwaka 2009 Meghan Herron na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha majibu ya wamiliki 140 waliokuwa wamepeleka mbwa wao kliniki kwa matatizo ya tabia. Miongoni mwa waliojaribu kumpiga mbwa au kumpiga teke, asilimia 43 walijibiwa kwa ukali. Kwa waliomlaza chali na kumkandamiza, ilikuwa asilimia 31. Kwa waliomkodolea macho ili asalimu amri, asilimia 30. Kweli, hao walikuwa mbwa ambao tayari wana matatizo. Lakini mbwa anayenguruma ndiye hasa anayeshauriwa kupigwa, na takwimu hizi zinaonyesha mkono huo unaelekea wapi.

Kuna swali la haki hapa: tukiuondoa mkono kila anaponguruma, hatutakuwa tumemfundisha kwamba akinguruma anashinda? Tungekuwa tumefanya hivyo kama tungeishia hapo. Kuuondoa mkono ni hatua ya kwanza tu, ya kuzuia ajali. Kazi ya kweli hufuata mnyama akiwa ametulia. Sogeza mkono na kuusimamisha kabla hajakaza mwili, kisha mpe kipande kidogo cha nyama au dagaa mmoja. Rudia. Akishauzoea mkono unaosogea, mguse begani kwa sekunde moja, mpe tena. Ongeza muda kidogo kidogo, kwa siku na wiki, na ukimwona anakakamaa ujue umekwenda haraka, rudi nyuma hatua moja. Mkono mtupu haulambwi. Mtoto wa mbwa ambaye mkono umemletea mema mara nyingi huanza kuusubiri, na mngurumo huisha kwa sababu kilichouleta kimeisha.

Dai la 4: "Ananguruma bure, haumwi popote"

Dai hili ndilo linalowatesa wanyama wengi zaidi, kwa kuwa maumivu ya mtoto wa mbwa hayaonekani kwa urahisi. Anaweza kula, kukimbia na kucheza, kisha akanguruma pale tu mkono unapogusa sehemu moja. Mwaka 2020 wataalamu wa tabia za wanyama wakiongozwa na Daniel Mills wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, walieleza walichokiona kwa mbwa na paka wanaoletwa kwao kwa matatizo ya tabia. Kwa makadirio ya chini, theluthi moja walikuwa na maumivu ya aina fulani, na katika baadhi ya orodha za wagonjwa kiwango kilikaribia asilimia 80.

Kwetu sababu za maumivu hayo ni nyingi na zinajulikana. Kupe hujificha ndani ya masikio, katikati ya vidole na chini ya shingo, wakiacha vidonda na kuambukiza magonjwa ya damu yenye homa kali inayomfanya mnyama achukie hata kuguswa. Viroboto huwasha ngozi mpaka ikavimba. Utitiri wa masikioni humfanya atikise kichwa na kunguruma kila unapompapasa karibu na sikio. Minyoo huvimbisha tumbo, hivyo akibebwa kwa kushikwa tumboni anaumia.

Yupo pia nzi ambaye hutaga mayai kwenye mchanga wenye mkojo au kinyesi, na hata kwenye nguo zilizoanikwa chini. Funza wake hupenya ngozi na kukaa humo siku kumi hivi, wakiacha uvimbe kama jipu wenye kitundu juu yake. Mtoto wa mbwa anayelala kwenye mchanga anaweza kuwa na uvimbe wa namna hiyo mwingi tumboni na miguuni, umefichwa na manyoya. Ukipitisha mkono juu yake unakandamiza majipu. Atafanyaje asingurume?

Tena kuna meno. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utotoni, na kuanzia mwezi wa tatu au wa nne huanza kuyapoteza kupisha 42 ya ukubwani. Ufizi huuma, na kushikwa taya au mdomo kunakuwa adha.

Kwa hiyo kabla ya kumhukumu, mkague. Fanya hivyo taratibu, mchana kweupe: masikio, kwapa, vidole, tumbo, chini ya mkia. Kama ananguruma ukigusa sehemu ileile kila mara, au kama alikuwa akipenda kushikwa na sasa hataki, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Usimkamue funza kwa nguvu wala usimpe dawa za maumivu za binadamu. Parasetamo na ibuprofeni zinaweza kumuua mbwa.

Dai la 5: "Mbona anatikisa mkia? Anafurahi tu"

Mkia unaotikiswa unaonyesha kwamba mbwa amechangamka, na mbwa huchangamka kwa furaha au kwa wasiwasi. Mwaka 2007 watafiti wa Italia, Angelo Quaranta, Marcello Siniscalchi na Giorgio Vallortigara, walionyesha kwamba mbwa akimwona bwana wake mkia huelekea zaidi kulia, na akimwona mbwa mgeni mwenye ubabe huelekea zaidi kushoto. Hutaweza kulipima hilo kwa macho sebuleni. Lililo rahisi kuona ni namna mkia ulivyo. Mkia unaopepea kwa ulaini pamoja na kiuno chote ni wa furaha. Mkia uliosimama wima na kutetema, au uliobanwa katikati ya miguu huku ncha ikicheza, ni wa mashaka. Mngurumo ukija pamoja na mkia wa namna hiyo ya pili, amini mngurumo.

Dai la 6: "Mbwa wa nyumbani lazima akubali kushikwa na yeyote, saa yoyote"

Mtoto wa mbwa hulala saa 18 hadi 20 kwa siku. Katika nyumba yenye watoto, usingizi huo hukatwa kila mara. Anayeamshwa kwa kushikwa hushtuka, na mshtuko hutoka kwa sauti. Anayeguswa akiwa na bakuli au mfupa huhofia kunyang'anywa, hasa kama alikulia mahali ambapo ndugu saba au wanane waligombania sahani moja.

Mahali pa kugusa napo pana tofauti. Watafiti wa Chuo Kikuu Huria cha Berlin, Franziska Kuhne na wenzake, walichunguza jinsi mbwa wanavyoitikia kupapaswa sehemu mbalimbali za mwili, na walipata kwamba kushikwa juu ya kichwa na kushikwa miguu kulileta dalili nyingi zaidi za kukosa raha. Hata hivyo tazama jinsi wengi wetu tunavyomsalimu mbwa: tunamwinamia na kuteremsha kiganja juu ya utosi wake. Kwa kiumbe mwenye urefu wa shubiri mbili, hicho ni kivuli kikubwa kinachomshukia.

Kanuni ya kuwafundisha watoto ni nyepesi. Chuchumaa pembeni, mwache mbwa aje mwenyewe, msugue kifuani au ubavuni kwa sekunde tatu, kisha acha. Akisogea, endelea. Akigeuza kichwa, akilamba pua yake, akipiga miayo au akiondoka, mwache. Asiguswe akiwa amelala, akiwa anakula, wala akiwa amejificha kwenye banda au kona yake. Na mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, hata awe mpole namna gani. Hakuna kati yao anayeweza kubeba jukumu hilo.

Dai la 7: "Huyo ndiye mlinzi, mwacheni awe mkali"

Maandishi ya "Mbwa Kali" yako kwenye mageti mengi kuanzia Nairobi hadi Mbeya, na watu wengi hufuga mbwa kwa ajili ya ulinzi. Hitaji hilo ni la halali. Kosa ni kudhani kwamba mtoto wa mbwa anayewangurumia wenye nyumba ameanza mafunzo. Wapo wanaoongeza pilipili kwenye chakula chake, au kumfungia bandani mchana kutwa asione mtu, wakiamini ukali utaiva. Pilipili humchoma mdomo na tumbo, na hakuna ulinzi unaotoka humo.

Kufungiwa ndiko kunakoharibu zaidi. John Paul Scott na John Fuller, katika utafiti wa miaka mingi huko Bar Harbor, Marekani, walionyesha kwamba mbwa ana kipindi maalumu cha kuzoeana na viumbe wengine, kinachoanza karibu na wiki ya 3 na kufifia kuelekea wiki ya 12 hadi 14. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1961 na Daniel Freedman na wenzake, watoto wa mbwa waliokulia ndani ya uzio bila kuzoeana na watu hadi wiki ya 14 waliendelea kuwakimbia watu hata walipojaribiwa kuzoezwa baadaye. Umri huo ndio wanaoupoteza bandani.

Mlinzi mzuri hujua wa kwake na mgeni ni nani. Mbwa aliyelelewa kwa hofu hajui tofauti hiyo. Humng'ata bibi aliyekuja kuwatembelea, muuza maziwa, mtoto wa jirani aliyefuata mpira. Mbwa aliyezoeshwa watu mapema bado atabweka mtu akiruka ukuta usiku, maana kubwekea jambo geni ni silika yake. Na mbwa asiyeshikika hawezi kutolewa kupe wala kuchanjwa, jambo linalonipeleka kwenye dai la mwisho.

Dai la 8: "Ni mdogo, hata aking'ata si kitu"

Ni kitu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutoka kwa mbwa, na kwamba watu 4 kati ya 10 wanaokufa kwa ugonjwa huo ni watoto walio chini ya miaka 15. Mtoto wa mbwa huambukizwa na kuambukiza sawa na mkubwa, na mchubuko mdogo wa jino unatosha. Mngurumo wenyewe si dalili ya kutosha ya kichaa. Lakini mnyama aliyebadilika ghafla, sauti ikawa nyingine, akadondosha mate, akashindwa kumeza au akang'ata hata vitu visivyo hai, asishikwe na mtu. Waiteni wataalamu wa mifugo.

Aliyeng'atwa au kukwaruzwa hadi ngozi ikachubuka aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Asingoje kuona kama mbwa ataugua. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, ugonjwa huu karibu siku zote huua, ilhali chanjo ikitolewa mapema huuzuia.

Kinga huanza kwa mbwa. Ratiba ya kawaida humchanja akifikisha miezi mitatu, na katika kampeni za umma Shirika la Afya Duniani linashauri hata walio chini ya umri huo wachanjwe. Pemba ni ushahidi wa karibu, maana huko kampeni za kuchanja mbwa zilifanikiwa kukomesha maambukizi kati yao. Kwenye vituo vya chanjo vya nchi zetu, wanaowaleta mbwa kwa kamba mara nyingi ni watoto wa nyumba. Mbwa aliyezoezwa kushikwa bila hofu hufika na kuchanjwa. Aliyefundishwa kwa fimbo kuuogopa mkono hubaki nyumbani, na kijiji kizima kinabaki na pengo.

Kwa hiyo, mwenye mbwa, mtoto wako wa mbwa akinguruma unapompapasa, simamisha mkono. Angalia mwili wake, angalia alikuwa akifanya nini, kagua ngozi na masikio yake, mpeleke kwa daktari kama huna uhakika, kisha anza kumzoesha polepole kwa chakula na subira. Wafundishe watoto wako lini wamguse na lini wamwache. Akiwahi kunguruma na wewe ukamsikiliza, hana haja ya kung'ata. Ukimpiga hadi anyamaze, umejifugia mbwa ambaye wewe na wanao hamtajua lini atauma.